Nilibonyeza Mimi, Anafukuzwa Ami Hedi

(Barua hii ilitufikia Jumatatu asubuhi. Kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa la Alhamisi, mshauri wetu Bi Zohra alimjibu mwandishi siku hiyohiyo kwa baruapepe. Tunaichapisha sasa kwa idhini yake, majina yakiwa yamebadilishwa.)

Mpendwa Bi Zohra,

Naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana ikishapita hutanifaa kitu. Mimi ni mfanyakazi wa mkataba katika maktaba ya mtaa hapa Kairuani, nimeolewa, na pale mapokezi tuko wawili tunaotumia kompyuta moja na neno la siri moja, mimi na Ami Hedi, mzee aliyebakiza miezi kumi na minne astaafu, ndiye aliyenifundisha kazi, na hadi leo akikuona umenuna anakuuliza, "Vipi binti yangu, mumeo kakunyima kahawa?"

Ijumaa ya wiki juzi, Ami Hedi akiwa ameenda kuswali na maktaba tupu, nilifungua tamthilia ya Kituruki iliyonipita jana yake, najua ni saa za kazi, usinigombeze bado, video ikagoma, kikatokea kidirisha chekundu kinasema kivinjari chako kimepitwa na wakati, bonyeza hapa ukisasishe, nikabonyeza, nikabonyeza "nakubali", nikabonyeza tena bila kusoma, video ikacheza, nikafurahi.

Tangu hapo ile kompyuta si ileile. Ukitafuta jina la kitabu, ukurasa unaruka mara mbili tatu, unakupeleka kwenye mtambo wa kutafutia nisioujua, na majibu yote ni kamari, dawa za kupunguza unene, mara nyingine wanawake nusu uchi. Niliona Jumamosi yake tu, Bi Zohra, na badala ya kusema nikawa nawatafutia wasomaji vitabu kwenye simu yangu. Ami Hedi akaniuliza, "Hii mashine imepatwa na nini?" Nikamwambia mtandao una matatizo.

Jumanne akaja mwalimu na wasichana wake kumi na wawili. Bi Jalila, mkurugenzi wetu, akaketi mwenyewe awaonyeshe namna ya kutafuta habari za mabwawa ya kale ya mji wetu, akaandika maneno matatu, akabonyeza, na uchafu ukajaa skrini nzima mbele ya watoto wa watu. Mwalimu alipiga ukelele. Bi Jalila akageuka, na aliyekuwa ameinuka kwenye kiti kile dakika tano kabla ni Ami Hedi.

"Ami Hedi, na mvi zote hizi?"

"Wallahi, Bi Jalila, mimi hata picha ya mjukuu nikitaka kuituma naomba mtu anitumie!"

"Basi ni jini aliyeketi hapa?"

Mzee akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

Amesimamishwa kazi tangu siku ile, kamati inakaa Alhamisi, habari imeshatoka nje ya maktaba, na Bi Jalila amenipa karatasi nisaini kwamba kompyuta ile ilikuwa mikononi mwa Ami Hedi. Jumamosi hii nilifungua orodha ya vitu vilivyopakuliwa, nikaiona ile faili, Ijumaa, saa saba na dakika kumi mchana, saa ambayo yeye yuko msikitini na safu nzima imemwona. Nikamwambia mume wangu, Anis.

"Ifute," akasema. "Safisha yote, zima, washa. Kesi ikikosa ushahidi itakufa yenyewe."

"Na Ami Hedi?"

"Yeye kabakiza mwaka. Wewe una miaka thelathini mbele yako. Ukisema, unadhani atafukuzwa nani?"

Nimeshaweka kishale juu ya neno "futa" mara mbili, nikakiondoa. Karatasi iko mkobani haijasainiwa. Nifanye nini?

D., Kairuani

*

Binti yangu D.,

Nimekusoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama, kwa hiyo niwie radhi nikikosa upole.

Kwanza ondoa mkono kwenye hicho kishale. Ukifuta faili ile, humwokoi mtu. Unamnyang'anya Ami Hedi shahidi pekee asiyeogopa kupoteza kazi.

Kutazama tamthilia saa za kazi ni utovu wa nidhamu, utagombezwa na yatapita. Kubonyeza kidirisha kile ni kudanganywa, na waliokitengeneza wanadanganya watu wenye macho kuliko wewe. Lakini mzee alikuuliza waziwazi mashine ina nini, ukampa uongo. Alikutazama akitegemea neno lako, ukatazama sakafu. Hayo hayakufanywa na kompyuta, D. Siku sita umelala kitandani kwako huku mwenzako akisemwa mji mzima.

Sasa fanya hivi. Kesho fika kabla maktaba haijafunguliwa. Usirekebishe chochote kwanza. Chukua simu yako, piga picha ile orodha ya vilivyopakuliwa, tarehe na saa vionekane. Ingia kwenye mipangilio ya kivinjari, mahali panapoonyesha mtambo wa kutafutia uliochaguliwa, uupige picha huo mgeni. Fungua pia orodha ya programu ndogo zilizojibandika kwenye kivinjari. Nina hakika utakuta moja ambayo hakuna aliyeialika, iliyoingia siku ileile. Nayo ipige picha.

Halafu mwite Bi Jalila, akiwa peke yake, umwambie kwa mdomo wako. Si kwa ujumbe wa simu, wala usimtume Anis. Mrudishie karatasi yake bila saini. Akishaona kila kitu, na fundi wa ofisi akishakihifadhi, ndipo muiondoe ile programu, mrudishe mtambo wenu wa zamani, mbadilishe neno la siri, na safari hii kila mmoja awe na lake. Ukurasa ukiendelea kuruka, fundi akirudishe kivinjari kama kilivyokuwa kipya. Na ujue kwa siku za mbele: sasisho la kweli hulipata ndani ya mipangilio ya kivinjari chenyewe. Ukurasa wa tamthilia hauna habari na umri wa kivinjari chako.

Utafukuzwa? Huenda. Sitakudanganya, umeshadanganywa vya kutosha. Anis anakupenda, lakini anakushauri kama mtoto aliyevunja sahani akazika vigae uani. Mwambie nimesema hivyo.

Ukitoka kwa Bi Jalila nenda nyumbani kwa Ami Hedi. Usibebe sahani ya vitamutamu vya makrudhi, hiyo si ziara ya Idi. Nenda mikono mitupu, na atakachokuambia, ukifanye.

Zohra

*

Wiki tatu baadaye D. alituandikia tena:

Bi Zohra, Bi Jalila alinisikiliza bila kupepesa macho, kisha akanigeuzia skrini akasema neno moja tu, "Nionyeshe." Nikamwonyesha. Programu uliyoitabiri tuliikuta, jina lake herufi tupu zisizosomeka. Alhamisi nilisema mbele ya kamati. Ami Hedi amerudishwa kazini na barua ya kuombwa radhi. Mimi nimepewa onyo la maandishi na kuhamishiwa stoo, na mkataba utatazamwa mwezi wa sita. Anis hakunisemesha siku mbili.

Lakini ninachotaka kukuambia ni cha Jumanne ile, nilipotoka kwa Bi Jalila. Ami Hedi alinifungulia mlango mwenyewe, hajanyoa, akanisikiliza palepale kizingitini mpaka nikamaliza. Nikamwambia, "Nisamehe, Ami."

"Nimekusamehe, binti yangu. Mimi nilijua sikufanya, kwa hiyo kuniambia mimi hakunisaidii." Akanyoosha kidole upande wa pili wa barabara. "Pale mkahawani nimekunywa kahawa miaka ishirini na sita. Wiki hii nimepita, wakanyamaza. Nenda ukawaambie wale."

Ni mkahawa wa wanaume, Bi Zohra, unaijua mikahawa yetu. Nilivuka barabara. Nikasimama katikati ya meza, karata zikatulia, mtu akapunguza sauti ya runinga. Nikataja jina langu kamili, na la baba yangu, kisha nikawaeleza nilichofanya.