KASI YA KUONGEA NA NAFASI YA NNE
Kikao cha Kamati ya Klabu ya Mbio za Alfajiri, Tassia

Tarehe: Jumapili, 15 Juni 2025
Mahali: Duka la vioo la Katibu, Tassia. Viti viwili viliazimwa kwa jirani na vimerudishwa.

Waliohudhuria:
Bw. Mwangangi – Mwenyekiti
Bw. Nabiswa – Kocha
Bw. Frankline Kyalo – Mjumbe
Bi. Batulo Wehliye – Mjumbe
Bi. Kaluki Nzuki – Katibu

Hakuhudhuria: Bi. Wanza, Mweka Hazina. Udhuru: harusi. Siku hii ilichaguliwa kwa ombi lake.

KUMB. NA. 1/6/2025: KUFUNGUA KIKAO
Kikao kiliitishwa saa nane mchana. Kilianza saa tisa kasorobo, Mwenyekiti alipofika. Mwenyekiti alieleza kwamba alikuwa njiani.

KUMB. NA. 2/6/2025: KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA
Zilisomwa na kukubaliwa. Katibu aliuliza ni kikao kipi kilichohamisha mazoezi kutoka saa kumi na moja unusu alfajiri hadi saa moja jioni, kwa kuwa hakuna kumbukumbu ya uamuzi huo, na yeye ndiye anayeandika kumbukumbu.

Mwenyekiti alieleza kwamba hakikuwa kikao. Watu walikunywa chai baada ya mazoezi mwezi wa Aprili, wakakubaliana. Katibu aliomba kujua ni chai ya tarehe gani. Bw. Frankline alisema, "Madam Katibu, chai haina tarehe." Wajumbe walicheka.

Katibu alieleza kwamba hakupewa taarifa. Wiki nzima ya kwanza alikuwa akisimama getini alfajiri akingoja wenzake, hadi soja wa ploti akamuuliza kama amefungiwa nje. Mwenyekiti alisema kila mtu alidhani mwenzake amemwambia. Katibu aliongeza kwamba yeye hufunga duka saa tatu usiku na mazoezi ya jioni hayawezi, jambo ambalo halihitaji kuelezwa, maana kila mjumbe aliyepo amewahi kuja kuchukua kioo saa mbili usiku akamkuta.

Azimio: Kamati ilisema pole. Saa haikubadilishwa. Jina la klabu pia halikubadilishwa.

KUMB. NA. 3/6/2025: TIMU YA MBIO ZA MITAA, KILOMITA TANO
Kocha aliwasilisha matokeo ya majaribio ya jana Jumamosi. Mbio zenyewe ni Jumapili, 20 Julai, na kila klabu inapeleka watu wanne. Nafasi tatu zimeshachukuliwa na Mwenyekiti, Bi. Wanza na Bi. Batulo. Waliobaki wanaogombea nafasi ya nne ni wawili. Katibu alitumia dakika 27 na sekunde 31. Bw. Frankline alitumia 27 na sekunde 10. Kiwango cha Kocha ni chini ya 27.

Kocha alikumbusha kwamba mwezi wa Machi Katibu alikimbia 26:48. Alisema hajawahi kuona mtu akiamka siku tano kwa wiki, miezi miwili, ili arudi nyuma.

Bw. Frankline alisema hana ugomvi na mtu, lakini sekunde ishirini na moja ni sekunde ishirini na moja. Katibu aliikubali hesabu hiyo.

Mwenyekiti alipendekeza nafasi apewe Bw. Frankline, na Katibu ashike saa kwenye mstari wa kumalizia, "kazi ambayo hakuna anayemshinda." Katibu alieleza kwamba alishika saa mwaka 2023 na akashika tena mwaka 2024. Katika picha zote za siku hizo hayumo, kwa sababu kupiga picha pia alipewa yeye. Alisema mwaka huu anataka kukimbia.

Kocha aliomba suala lisipigiwe kura kabla ya kujua mazoezi ya Katibu yakoje.

KUMB. NA. 4/6/2025: MAZOEZI YA KATIBU
Katibu alieleza kwamba Jumanne na Ijumaa hukimbia kwa kasi, mita mia nne kwa marudio. Jumatatu, Jumatano na Alhamisi hukimbia mbio nyepesi kwa kasi ya kuongea, kama Kocha alivyofundisha.

Kocha aliwakumbusha wajumbe maana yake. Siku nyepesi mtu akimbie akiweza kuongea na mwenzake bila kukatika pumzi, akikatika, apunguze. Siku nyepesi ikikimbiwa kwa nguvu, miguu haipumziki, na siku ya kasi inafika kasi yenyewe imeshaisha. Kisha aliuliza, "Sasa Kaluki, wewe unaongea na nani?"

Katibu alijibu kwamba hana wa kuongea naye. Alieleza kwamba saa hiyo ya alfajiri barabara imejaa watu wanaotembea kwenda viwandani kutoka Pipeline na Kwa Njenga, ila kila mmoja anaangalia mbele, na wakimsikia nyuma yao wanampisha tu. Kwa hiyo alijitafutia njia. Hujipima kwa kutaja kwa sauti vipimo vya vioo vya oda za siku hiyo. Akiweza kuvitaja, anajua yuko kwenye kasi ya kuongea.

Kocha aliomba kusikia. Katibu alitaja: "Futi mbili kwa tatu. Inchi kumi na nane kwa ishirini na nne. Futi nne kwa mbili."

Kocha alisema, "Dada, hiyo si kuongea. Unataja kipimo, unavuta hewa, unataja kingine. Hata mtu anayekimbizwa na mbwa anaweza kusema futi mbili kwa tatu." Wajumbe hawakucheka.

Kocha aliendelea kwamba Katibu amekuwa akikimbia siku zote tano kwa nguvu, hana siku nyepesi hata moja, na ndiyo sababu anarudi nyuma. Alisema mtu mwenye mwenzake angejua siku ya kwanza. Mwenyekiti aliuliza hali hiyo imeanza lini. Katibu alijibu: Aprili.

Azimio: Katibu arudie jaribio Jumamosi, 5 Julai. Akishuka chini ya dakika 27, nafasi ya nne ni yake. Asiposhuka, ni ya Bw. Frankline. Hadi siku hiyo mbio nyepesi azikimbie na mtu.

KUMB. NA. 5/6/2025: MTU
Mwenyekiti aliuliza ni nani atakayekimbia na Katibu.

Mwenyekiti alieleza kwamba goti lake halipatani na baridi ya Juni. Kocha alieleza kwamba anatoka zamu ya usiku saa kumi na mbili asubuhi. Bw. Frankline alisema, "Mimi siwezi kumsaidia mtu tunayegombea naye kiti, Madam. Nakwambia ukweli tu." Katibu aliona maelezo hayo yana msingi.

Bi. Batulo alitoa hoja kwamba mazoezi ya Alhamisi peke yake yarudi alfajiri. Mwenyekiti aliomba mjumbe wa kuunga mkono. Hakupatikana. Katibu aliinua mkono. Mwenyekiti alimkumbusha kifungu cha tisa cha katiba ya klabu, kwamba Katibu haungi hoja mkono wala hapigi kura. Kifungu hicho kilitungwa na Katibu.

Azimio: Hoja ilianguka.

KUMB. NA. 6/6/2025: MENGINEYO
Bi. Batulo aliomba nafasi. Alisema yeye huamka kwa swala ya alfajiri na baada ya hapo halali tena, maana duka lao la vitambaa Eastleigh linafunguliwa mapema. Mama yake hamruhusu kutoka nje peke yake kabla hakujapambazuka, lakini kuhusu simu hajasema kitu. Siku za mbio nyepesi atampigia Katibu saa kumi na moja unusu. Katibu aweke simu mfukoni na waya masikioni, wakimbie hivyo. "Nikisikia umekata sentensi katikati, nakwambia punguza."

Bw. Frankline aliuliza kama hiyo si njama. Kocha alisema ni mazoezi.

Mwenyekiti alisema jambo hilo ni la watu wawili, halihitaji azimio, na lisiandikwe. Limeandikwa.

Katibu aliuliza wataongea nini dakika arobaini. Bi. Batulo alisema chochote, ila vipimo hapana. Katibu alieleza kwamba yeye hana mazoea ya kumsimulia mtu mambo yake, mwaka wa kumi na moja sasa anafungua duka peke yake na kulifunga peke yake, na kwa kweli hajui mtu huanzia wapi.

Bi. Batulo alisema, "Dada Kaluki, hiyo tayari ni sentensi nzima. Na hujakatika pumzi."

Hakukuwa na la ziada. Mwenyekiti aliwaruhusu wajumbe saa kumi na moja kasoro dakika kumi jioni.

Mwenyekiti: Mwangangi (sahihi) Tarehe: 17/6/2025

Katibu: Kaluki Nzuki (sahihi) Tarehe: 15/6/2025