Nguo za Munyoki

Jumatatu, 5 Mei 2025

Sura ya tatu ya hadithi yangu imekwisha! Nimeimalizia shuleni saa ya chakula, nimejificha nyuma ya daftari za Gredi ya Nane ambazo bado sijasahihisha. Aibu kidogo. Furaha zaidi.

Niandike jinsi ilivyoanza, nisije nikajidanganya baadaye. Ni Mwandawiro, mwalimu wa Kiingereza, aliyeniletea ule mchezo wa kuigiza. Wa zamani mno. Waingereza waliucheza enzi za Malkia Elizabeti wa Kwanza, zaidi ya miaka mia nne sasa. Msichana anavaa suruali, anajiita mwanamume, na hakuna anayemtambua. Hata mchumba wake! Mwandawiro akasema, Mwalimu Nthenya, hawa watoto hawataweza huu, Kiingereza chake kinanishinda hata mimi. Mbona usiwaandikie kitu kama hiki kwa Kiswahili? Kitu cha huku kwetu.

Cha huku kwetu. Basi malkia nimemwacha kwao. Msichana wangu anaitwa Mwikali, ana miaka kumi na minne, na anavaa nguo za kakake apate kazi kwenye mashimo ya vito, huko nyuma ya mlima Kasigau.

Mvua imenyesha kidogo. Kunde zimeshika.

Jumatano, 14 Mei 2025

Nimewasomea sura nne. Nilikuwa kama mwalimu wa mazoezi.

Vurugu! Derrick, yule mrefu wa nyuma, alisema hiyo ni uongo, Tichaa, mtu hawezi kukaa na msichana shimoni siku nzima asijue. Wasichana wakamvamia. Ati wewe ungejua? Wewe hata hujui kama umevaa soksi mbili tofauti! Akaangalia miguu. Kweli, mbili tofauti.

Mwandawiro alikuwa mlangoni. Akawaambia kwamba zamani zile za malkia, wanawake hawakuruhusiwa jukwaani. Wavulana ndio waliocheza wasichana. Darasa likalipuka. Dakika tano baadaye Derrick amesimama mbele, leso ya mtu kiunoni—mvulana anayeigiza msichana anayejifanya mvulana. Alianza kwa mzaha. Lakini alipofika pale Mwikali ananyolewa nywele, aliinamisha kichwa na hakuna aliyecheka tena.

Mwalimu mkuu alikuja kutunyamazisha. Alikaa hadi kengele.

Nimetembea nyumbani nikiimba. Mimi!

Ijumaa, 23 Mei 2025

Abby amepiga simu! Abby wa Nairobi, mhariri niliyemtumia sura za kwanza bila kumwambia mtu. Wanautaka mswada. Wanautaka! Kitakuwa kitabu cha hadithi cha vijana. Nimalizie, nitume wote kufikia Jumatatu, tarehe kumi na sita mwezi ujao.

Halafu akauliza, Mwalimu, hiki ni kisa cha kweli? Maana tungeandika hivyo kwenye jalada la nyuma, wasomaji wanapenda.

Nikasema la. Nimebuni tu.

Lilinitoka haraka sana, hilo la.

Jumapili, 1 Juni 2025

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nahesabu vigae.

Niandike ukweli hapa, kwa kuwa hapa hakuna mhariri. Mwikali ni Nthambi. Dadangu mkubwa. Mwaka wa tisini na tano baba aliumia mgongo, akalala. Kakangu Munyoki alikuwa ameshakwenda Mboghoni kufanya kazi kwenye mashamba ya ndizi, akaacha suruali mbili na kofia. Mashimo ya vito hayakuchukua wasichana. Nthambi alikuwa darasa la saba. Mama alimnyoa nyuma ya nyumba, akavaa, akaenda, akajiita Munyoki. Hakurudi shule tena. Mimi nilikuwa na miaka minane na niliambiwa neno moja: nyamaza.

Nikanyamaza miaka thelathini. Sasa nimewaambia watoto arobaini na wawili.

Ningemuuliza kwanza. Ni simu moja tu, yuko Marungu, si ng'ambo. Nilisema nitamuuliza nikimaliza. Halafu nikasema sura ikiwa nzuri. Zote zilikuwa nzuri, na sikumuuliza.

Alhamisi, 5 Juni 2025

Daisy amejua.

Daisy ni bintiye Nthambi. Anakaa kwangu muhula wote kwa sababu ya shule, na ni mmoja wa hao arobaini na wawili. Leo nilisoma pale waya wa chekeche la kuchungia mchanga wa vito unapomkata Mwikali kidole gumba cha kushoto. Niliandika bila kufikiri. Nimekiona kidole hicho chenye kovu maisha yangu yote, kikisonga ugali, kikifunga mbuzi.

Jioni, tukichambua ndengu, akaniuliza bila kuinua kichwa.

—Auntie, Mwikali ni mama?

Sikuweza kusema la mara ya pili.

Akaendelea kuchambua. Nikangoja machozi. Kumbe anatabasamu!

—Mama aliingia shimoni? Mama yangu? Yule anayeogopa mjusi?

Akaomba simu ampigie mamake. Nikampa. Ningefanya nini?

Jumanne, 10 Juni 2025

Siku nne Nthambi hakupiga. Leo amepiga.

—Nasikia mnanisoma darasani.

Nikaanza, Mama Daisy, ngoja nikueleze. Akasema hataki kuelezwa kwa simu. Jumamosi anakuja. Nisitume kitu.

Ndiyo hayo tu. Hakukasirika. Wala hakufurahi. Sauti ya mtu anayeuliza bei.

Nimekwenda kwa Mwandawiro nikamwambia yote. Alikuna ndevu. Akasema kitabu ni chako, Madam, lakini maisha ni yake. Halafu mkewe akanifungia kimanga, muhogo uliopondwa na maharagwe, nipeleke nyumbani, kana kwamba nimefiwa. Daisy amekimaliza chote.

Jumamosi, 14 Juni 2025

Amekuja na bodaboda saa nne asubuhi, kuku mkononi, kilo mbili za ndengu begani. Salamu kwanza. Mbuzi wanaendeleaje, ndovu wameingia kwa nani, yule mchungaji mpya anahubiri kwa muda gani. Akala ugali na kunde. Akanawa mikono, akaikausha vizuri.

—Leta.

Nikaleta. Kurasa mia moja na nane, nimezichapa Voi. Alivaa miwani, akaketi penye mwanga karibu na mlango, akaanza. Anasoma kwa kidole. Midomo inasogea. Sijawahi kumwona dadangu akisoma kitu kirefu kuliko kijitabu cha nyimbo.

Daisy anaosha vyombo nje. Sufuria moja, nusu saa.

Kwenye ukurasa wa kumi na tisa alisimama.

—Hapa umesema niliogopa.

—Hukuogopa?

—Nilikuwa na njaa. Hiyo kuogopa nilianza nikishaanza kula.

Nikasema nitabadilisha. Akaendelea. Nilijaribu kusahihisha daftari. Nimempa mtoto mmoja alama kumi na tatu juu ya kumi.

Kisha akacheka! Alikuwa ameruka hadi mwisho, kama anavyofanya kila mtu. Mwisho nimeweka harusi. Mwandawiro alisisitiza, ile michezo ya kuchekesha ya enzi ya malkia huishia kwa harusi, basi nikamwozesha Mwikali kwa mnyapara wa mashimo, kijana mtanashati. Nthambi alicheka hadi akavua miwani.

—Yule mnyapara? Nthenya! Yule hakuwa na meno!

Tukacheka wote. Daisy naye nje, na hajui tunacheka nini. Nikadhani yamekwisha. Nikasimama kuweka chai.

Hayakuwa yamekwisha. Alirudi nyuma, pale alipoachia. Niligeuka nikaona ameweka kiganja juu ya karatasi.

—Hapa si kweli. Ati hakuna aliyejua.

—Kwani kuna aliyejua?

—Nzuki alijua. Yule mchimbaji wa kikohozi, alikuwa anakaa huku kwenu Rukanga. Siku ya kwanza. Alinitazama nikinywa maji, akasema, wewe Munyoki, utakaa huku juu na chekeche, shimoni hushuki. Wenzake wakanung'unika. Akawaambia huyu kijana ana kifua kibovu. Yeye, na kile kikohozi chake! Miezi minne. Na jioni ananisindikiza mpaka njia panda, yuko nyuma, anasema anaenda kuangalia mitego. Hakuwa na mitego.

Chai ilifurika. Sikuiangalia.

Nikamuuliza kwa nini hajawahi kutuambia.

—Nani aliuliza? Baba alikuwa mgonjwa. Mama alikuwa na haya. Wewe ulikuwa unasoma.

Alisema hivyo tu, hakukuwa na uchungu ndani yake. Ningependa uchungu ungekuwepo, hata kidogo. Nikamwambia basi kuhusu Abby, kuhusu jinsi nilivyomwambia nimebuni tu. Nikamwambia ukitaka nisitume sitatuma, nitampigia Jumatatu nimwambie hapana, na watoto nitawasomea kitu kingine. Nilikuwa namaanisha.

Alivaa miwani.

—Nyamaza nisome.

Sasa ni saa tisa. Amekula mara ya pili bila kuinuka. Kuku amefungwa mguuni mwa meza na amekubali hali yake. Daisy ameingia, ameketi sakafuni na kuegemea goti la mamake. Nthambi hakumfukuza. Mara anamsomea mstari kwa sauti, halafu anasema, hii ni kweli. Au, hii ni ya auntie yako. Abby ameandika wasap, tuko pamoja Mwalimu? Sijajibu.

Mimi niko hapa kizingitini na daftari hili, kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Na bado—sijui niseme nini—nyumba hii haijawahi kuwa tulivu hivi.

Amefika sura ya tisa. Kidole kimesimama. Amesoma tena mstari uleule, midomo inasogea, anatikisa kichwa. Amenyoosha mkono upande wangu, macho bado kwenye karatasi.

Anataka kalamu. Nimeangalia mezani, dirishani, kwenye mfuko wa Daisy. Hakuna nyingine, ni hii tu ninayoandi—