Kofia ya Umeme na Ngumi ya Baba Koku

Jumatatu, 3 Machi
Nimemenya ndizi, nimemwogesha mume wangu, tumepanda bajaji kutoka Nyanga hadi kliniki ya mjini. Mkono wake wa kulia umefunga ngumi tangu kiharusi. Asimwe, binti mtafiti, kamvalisha kofia ya nyaya. Kwanza umeme mdogo wa kuamsha ubongo. Kisha mzee awaze kufungua mkono, kompyuta isome wazo, glavu yenye mota imfungulie. Haikufungua. Nimechukia. Baba Koku anawaza vizuri tu, nimeishi naye.

Jumatano, 5 Machi
Bado. Asimwe anasema ikiwa hivi hadi Ijumaa ya wiki ijayo, nafasi atapewa mgonjwa mwingine. Mzee amelia kwenye bajaji. Sitaki kuona tena.

Ijumaa, 7 Machi
Leo nimemtilia mdomoni akamwani, kahawa yetu ya kutafuna. Kazi ya umeme inataka nguvu. Glavu imefunguka. Ikafunga, ikafunguka. Asimwe kapiga makofi. Nimeimba mpaka nesi akanitoa nje.

Jumapili, 9 Machi
Nimetoa ushuhuda kanisani. Shemeji yangu, Ta Kato, katoka Muleba na mkungu wa ndizi. Anasema ubongo wa ukoo wao ndivyo ulivyo. Miaka yote hii sikuwa nimeuona.

Jumatatu, 10 Machi
Aibu. Asimwe kamtazama mzee usoni.
"Ma Koku, mzee anatafuna nini?"
"Akamwani."
"Na Ijumaa?"
"Ulitaka ashinde njaa?"
Kumbe taya likitafuna linapiga kelele kwenye nyaya, kompyuta inadhani ni ubongo. Nimelitolea taya ushuhuda. Mzee kacheka mpaka kofia ikahama. Tangu augue sijamsikia akicheka. Asimwe naye kacheka, halafu akanionya. Umeme unasaidia ubongo upaze sauti, ila lazima mdomo unyamaze. Nimemwambia Ta Kato ukweli. Karudi Muleba na nusu ya mkungu wake.

Ijumaa, 14 Machi
Mzee kasukutua mbele ya Asimwe. Mimi nimepekuliwa mkoba. Umeme, kisha kusubiri. Hakuna kitu. Hakuna kitu. Halafu glavu ikafunguka, kidogo, polepole. Asimwe hakupiga makofi, kamtazama taya kwanza. Limetulia. Ikafunguka tena. Nafasi ni yake.
Sikuimba. Nimeingiza vidole vyangu kiganjani mwake, glavu ikafunga. Asimwe alitaka kuizima isinibane. Nikamwambia asubiri.