Gololi Niliyosema Haikusogea

Gisenyi, Jumapili mchana. Ni miaka miwili na miezi minne tangu nitoke Kigoma, na miezi saba tangu wakuzike mimi sipo.

Kassim, rafiki yangu,

Nimefua, nimekula ugali na sambaza, dagaa wa ziwa la huku, na miguu nimeiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa maana imevimba kwa kusimama wiki nzima. Lakini nimeridhika. Sikutegemea kukuandikia neno hilo mwaka huu.

Wiki uliyokufa ndiyo bosi, mtu aliyekulia Uganda, alinitoa kwenye mashine ya kukereza akanipa mashine mpya ya kupimia. Fundi aliyeileta alikuwa hapa siku nne tu kunifundisha. Ndiyo maana sikuja. Tangu hapo nikiomba likizo, jibu ni lilelile: nani atapima?

Mimi wa darasa la saba! Ungecheka mpaka ukae chini. Mashine iko kwenye chumba cha baridi, navaa sweta. Juu ya meza ya jiwe inaning'inia sindano yenye kito chekundu mwishoni, kidogo kama punje ya mtama. Inagusa chuma, mashine inaandika kipimo. Sindano inaweza kutazama chini, au kulala kushoto, kulia, mbele, nyuma. Ila ikigeuka, mashine haijui kito kiko wapi. Kila pembe lazima uifundishe. Unafunga gololi mezani, sindano inaigusa kwa pembe hii na ile, mpaka pembe zote zikubaliane gololi iko wapi. Na kila mara mashine inauliza: gololi imesogezwa? Ndiyo au hapana.

Jumanne moja asubuhi, mwezi uliopita, niliifundisha sindano ikitazama chini. Kisha ikaja kazi kubwa, gololi ikanizuia. Nikachora alama ya penseli kuzunguka kitako chake, kama ulivyokuwa ukichora wewe kwa kila kitu, hata kikombe chako cha chai, nikaifungua. Baadaye nikairudisha juu ya alama, nikaendelea na pembe za kulala. Mashine ikauliza. Nikabonyeza hapana. Kwa macho yangu haikuwa imesogea hata kidogo.

Jumatano nikapima kava sita za pampu, kazi ya Josiane. Huyu ni mama aliyekulia Goma, ndiye anakereza kwenye mashine niliyoiacha, na yuko kwenye majaribio. Matundu ya ubavuni, yanayopimwa sindano ikiwa imelala, yote yalikuwa yamekwenda pembeni. Bosi akasema Ijumaa aondoke.

Josiane akaja mlangoni kwangu. "Muzee Yohana, mi nimepima na venia mara tatu. Tundu ziko muzuri. Pima tena, tafazali."

Nikamwambia venia ni kipimo cha mkono tu, mashine haidanganyi. Naona aibu hadi leo, Kassim. Alinitazama, akasema "Bon," yaani haya, akaondoka.

Alhamisi wakati wa kula nikawaza. Josiane alizifunga kava kwenye mashine yake moja moja, kila moja upya. Iweje sita zote zikosee upande mmoja, kwa kiasi kilekile, sehemu nane za mia za milimita? Nikarudi nikapima gololi yenyewe. Sindano ikitazama chini, gololi iko hapa. Ikilala, gololi iko pale. Tofauti: nane za mia. Alama ya penseli, ndugu yangu, ni nene kuliko hiyo.

Nikakaa. Sikufichi: nilifikiria kuzifundisha pembe upya kimyakimya na kusema kosa ni la baridi. Mkataba wangu mpya ulikuwa mezani kwa bosi, haujasainiwa. Halafu nikawaza yule mama anakusanya vitu vyake.

Nikatoka chumbani nikaingia karakanani, nikasema mbele ya wote: kava ni nzima, kosa ni langu, niliisogeza gololi nikaiambia mashine sikuisogeza.

Josiane akaweka mikono kiunoni. "Donc, basi mi nimelia siku mbili juu ya kidole yako moja? Leta hiyo kidole niikate!"

Watu wakacheka, hata bosi. Lakini akanisimamia nikafundisha pembe zote tena, na kupima kava zote tena, yeye akiangalia. Zote sita zikapita. Josiane alikuwa amesimama mlangoni, hakuingia. Akafuta macho kwa mkono wenye mafuta, akarudi kwenye kazi yake.

Mimi nilisubiri kufukuzwa. Bosi akasema mtu mmoja asiye na wa kumkagua ni hatari, basi nimfundishe Josiane, tuwe wawili. Mkataba akausaini, na wa Josiane pia. Tumeanza. Ana mkono mwepesi na hana adabu. Kabla sijabonyeza anauliza, "Muzee, umeisogeza? Sema kweli, Mungu anakuona." Kusahihishwa na mwanafunzi wangu kunanipendeza kuliko nilivyodhani.

Na kwa kuwa sasa yuko mwingine wa kupima, juzi bosi alinipa likizo, wiki tatu.

Pumzika, Kassim. Mkeo, Mama Zuhura, mwambie kwa njia zenu huko aniwekee chai, na mimi nitampigia simu kwa njia zetu huku. Nategemea kufika Kigoma Jumamosi ya pili ya Desemba. Nitakuja kaburini kwako kwanza, na mzigo begani, kabla sijaoga.

Yohana wako