Kompyuta Imewaka, Wifi

Wifi,

Chai iko kwenye chupa, mayai nimeyafunika jikoni. ~~Kompyuta usiiguse mpaka nirudi.~~ Iguse utakavyo.

Jana uliniwekea prosesa mpya, ubongo wa kompyuta kama unavyouita, ili mashine iache kujikokota. Asubuhi nikaiwasha, feni inazunguka, kioo cheusi tii. Michoro yote ya jengo la zahanati imo humo, na leo ndiyo naiwasilisha! Nikakufokea, "Nani alikutuma?" Ulifungua kasha, ukarudisha prosesa ya zamani, mashine ikawaka. Ndipo ukasema taratibu, "Haijafa, wifi. Ubao wake wa ndani, huu unaobeba prosesa, haujaijua hii mpya. Ngoja niusasishie programu." Mimi nimeshika tochi, nakumulikia. Ulipoiweka tena ile mpya, michoro ikafunguka kufumba na kufumbua.

Nimekuacha umesinzia kitini. Nisamehe ule ukali. Ukitoka, funga dirisha la chumba cha kazi.

Kaka yako kila siku ananiambia kwenu nimepata dada, nami nikidhani anasifia wa kwao tu. Leo nimeamini.

Wifi yako mwenye mdomo