Maziwa ya Jioni

Jumatatu, 3 Machi

Nimeosha tangi la kupozea maziwa tena. Halikuwa na cha kuoshwa. Ni wiki ya pili sasa akina mama wa Giakanja hawaleti maziwa ya jioni, na sijui sababu. Wafadhili wenye tangi wanakuja Ijumaa. Wakilikuta tupu, watalihamishia Kutus. Katika ombi langu kwao niliandika kwamba ujasiriamali wa kijamii ni biashara ambayo faida yake hubaki kwa waliotoa jasho. Sentensi nzuri. Tangi tupu.

Jumanne, 4 Machi

Nimemkuta jirani yetu Nyawira, ambaye wote humwita Mama Muthoni, akimnywesha ndama maziwa ya jioni. Akacheka.

"Si uliandikisha mzee? Basi mwambie mzee akamue."

Nimeona aibu. Kwetu maziwa ya asubuhi huenda kwa chama cha ushirika, kwa jina la baba. Ya jioni ni ya mama: chumvi, sabuni, kalamu za watoto. Nimelelewa kwayo. Nami nikaandikisha wanaume wenye hati za shamba, malipo yote yaende kwao. Hata mama yangu aliacha kuleta. Kimya kimya.

Jumatano, 5 Machi

Nimebadilisha majina yote. Sasa ni ya akina mama, na malipo yataingia kwenye simu zao. Mzee Gathogo, mume wa Mama Muthoni, amenifuata hadi kwenye tangi. Limesimama katika ploti yake.

"Wewe kasichana, ng'ombe ni yangu asubuhi. Ati jioni inakuwa ya nani?"

Naogopa. Majina sijayarudisha.

Alhamisi, 6 Machi

Amefunga geti kwa kufuli. Namchukia.

Ijumaa, 7 Machi

Wageni wenye tangi walifika jioni, geti limefungwa. Akina mama walipanga mitungi barabarani. Maziwa yangeganda. Mama Muthoni alikalia mtungi wake, akamwita mumewe aliyekuwa ndani ya ua:

"Baba Muthoni, haya nimeleta kuuza. Yakiharibikia hapa, leo utakunywa turungi, chai bila tone la maziwa!"

Wanawake wakaangua kicheko. Hata mgeni mmoja. Mzee akafungua bila kumtazama mtu. Tangi lilipita nusu, na wageni wakasema libaki. Hotuba yangu haikutoka mkobani.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya kanisa, utulivu. Jioni Mzee Gathogo alileta mtungi mwenyewe. Mkewe ana homa. Hakunisalimu. Nilimuuliza niandike jina gani. Akausogeza mtungi karibu na tangi.

"Nyawira," alisema.

Nikaandika.