Wino wa Zambarau na Vyeti vya Blessing

Goba, Dar es Salaam
Jumatano, tarehe 12 Machi 2025

Mpendwa shemeji Sekela,

Simu zangu hupokei, wiki ya pili sasa, basi nimeshika kalamu. Na nianze na hili: ile habari ya mwanao Blessing, kila aliyekusimulia kaisimulia kombo. Kaka yake Brightson kakosea, tena yeye siku hiyo alikuwa kwake Temeke anafua. Majirani wamekosea. Hata dada yako Tusajigwe, mke wangu mwenyewe, kakosea. Mwenye habari ni mie, nilikuwepo, na unajua mie siongopagi, labda nikiwa nimeshiba.

Haya, u hali gani? Mguu umepoa? Migomba imekubali mwaka huu au bado unaitukana? Sie huku tunapumua. Presha ya dada yako imeshuka. Mie bado kijana, wamama wa Goba wakiniona wanageuza shingo.

Ila nimesikia umemtumia Blessing nauli, arudi Tukuyu Jumapili. Toka asikie hivyo mtoto hali vizuri. Ndiyo maana naomba usome hii barua mpaka mwisho, halafu ndio unitukane.

Mwanzo wa yote ni printa. Niliinunua Kariakoo mwezi wa kwanza, elfu themanini na tano, inachapa na kopi inatoa. Wenye shule zao wananunuaga ya laki mbili. Mie shule nimeiona dirishani, lakini kwenye bei hakuna wa kuniweza. Nikajisifu mtaa mzima. Hakuna aliyeniambia kwamba kale kawino kanakokuja na mashine ni ka kuonjea, na kwamba katriji mpya, nyeusi peke yake, inakaribia bei ya printa yenyewe. Mashine wanakupa kama zawadi, wino wanakuuzia kama pafyumu.

Na mie nikawasaidia kuniibia. Kwenye simu nikagundua kalenda za bure. Bure kabisa shemeji, unabonyeza zinashuka: za simba, za maua, za vichanga vya Kizungu vimekaa ndani ya maboga. Nikachapa yangu, nikachapia jirani, nikachapia kwaya nzima, nikampelekea na muuza nyama wangu wa Vingunguti. Kalenda bure, lakini bando langu na wino wangu. Siku Blessing anaitwa kwenye usaili wa unesi, wino wote ulikuwa umeishia kwenye manyoya ya simba.

Usaili ulikuwa hospitali moja ya binafsi kule Mwananyamala. Ujumbe uliingia saa moja asubuhi ya siku hiyohiyo: nakala za vyeti vinne, zigongwe muhuri wa mwanasheria, zifike kabla ya saa sita mchana, orodha inafungwa.

Blessing akasema, "Baba mkubwa, ngoja nikatoe kopi pale steshenari."

Nikamwambia, "Steshenari? Kwenye nyumba yenye printa? Unataka wanicheke?"

Nikaenda dukani kwa Muhsin, yule Mwarabu wa vifaa vya ofisi, baba yake aliuzaga karatasi toka mie nina meno yote. Katriji hana. Ana kichupa cha wino wa mihuri, zambarau. Akaniambia, "Mzee Isack, wino ni wino, tia tu." Nikatia, kwa bomba la sindano la Blessing mwenyewe.

Mashine ikanguruma, ikatoa. Shemeji, vyeti vikatoka! Herufi zipo, alama zipo, ila vyote zambarau, kama vimetoka kwa askofu. Blessing akashika kichwa. Nikamwambia watu husoma herufi, hawasomi rangi. Mwanasheria wa hapa Goba alikuwa anaongea na simu, akagonga mihuri minne bila kuinua macho. Nikavaa suti, tukaondoka. Saa tano na dakika kumi tuko dirishani Mwananyamala.

Dada wa dirishani akageuza cha kwanza, akageuza cha pili.

"Muhuri uko wapi?"

"Huo hapo, dada."

"Wapi?"

Blessing akaonyesha kwa kidole. Hapo ndipo jasho liliponitoka. Muhuri zambarau, maandishi zambarau, mengine yamevujavuja. Mie niliyeuona ukigongwa, sikuuona tena.

"Hivi vyeti mmevitengenezea wapi?" akauliza, na akamwita mlinzi asogee.

Hapo ndipo wambea walipookota lile neno lao la kughushi lililokufikia. Mlinzi hakumkamata mtu wala kumfukuza mtu, alisimama tu anatafuna karanga. Blessing akafungua bahasha, akatoa vyeti vyenyewe. Yule dada akavitazama sana, halafu akatazama saa ya ukutani.

"Saa sita kamili nafunga. Nataka nakala nyeusi, na muhuri ninaouona."

Steshenari iko mbele ya geti. Kopi nne, dakika mbili, bei ya maandazi. Nilivyoisikia hiyo bei nikakohoa, nikaangalia pembeni. Mwanasheria sasa ndio ishu: wa kwanza yuko mahakamani, wa pili kafunga. Wa tatu yuko ghorofani, mama mmoja anaitwa Wahiba, ana miwani, anasoma kila cheti neno kwa neno. Saa sita kasoro dakika kumi na mbili. Mie nikaanza kumweleza mama wa watu jinsi printa inavyokunywa wino.

Blessing akanigeukia, macho yamejaa machozi. "Baba mkubwa, shikamoo. Leo tu, nyamaza."

Nikanyamaza. Miaka sabini na moja, ndio mara ya kwanza.

Tunafika dirishani, yule dada anafunga droo. Akaangalia saa, akaangalia muhuri, akaiangalia na suti yangu. Kisha akashika kalamu akamwandika Blessing, namba thelathini na nne, wa mwisho kwenye orodha. Aliingia kwenye usaili saa nane. Majibu ni Ijumaa ya wiki ijayo.

Sasa ukimrudisha Jumapili, wakimpigia simu aje kazini yeye atakuwa huko anakupalilia migomba. Mngoje hiyo Ijumaa tu, shemeji. Akikosa, nitamleta mwenyewe mpaka mlangoni kwako.

Msalimie mumeo Rogers, mwambie bado ana bahati ya kuoa mdogo mtu, mie nilipewa yule mkali. Wasalimie na wote wa hapo nyumbani. Mungu akuponye mguu na akulainishe moyo.

Wako nikupendaye hata ukinikatia simu,
Isack

Nimeshasaini, lakini dada yako kaisoma yote na kagoma kuifunga bahasha mpaka niseme. Haya. Muhsin hakusema "wino ni wino". Hilo nimelitunga mie. Alichosema ni, "Mzee Isack, huu wa mihuri, usije ukautia kwenye mashine." Na Blessing alikuwa pembeni yangu, akaniomba mara mbili nimsikilize. Basi kama hiyo nauli lazima mtu aipandie basi Jumapili, nipandishe mie.